Siku Ndefu Si Siku ya Joto: Tuielewe Solistisi na Sherehe Zake

Kila ifikapo Juni au Julai, ujumbe mmoja hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ukiwa na alama ya kusambazwa mara nyingi. Unasema dunia imeingia kwenye kipindi cha kuwa mbali kabisa na jua, kwamba umbali umeongezeka kutoka kilomita milioni 90 hadi milioni 152, na kwa hiyo kutakuwa na baridi kali hadi Agosti, pamoja na mafua, kikohozi na maumivu ya mwili. Watu wanashauriwa wavae nguo nzito na watumie dawa za kuongeza kinga. Katika ujumbe wote huo, namba moja tu ndiyo ya kweli: ile 152. Mengine ni uzushi, na uzushi huo unapata nguvu kwa sababu umesimama juu ya jambo ambalo wengi tumeliamini tangu utotoni, kwamba joto huja jua likiwa karibu na baridi huja likiwa mbali.

Wakati huohuo, karibu na Juni 21, vyombo vya habari huonyesha maelfu ya watu waliokesha kwenye mawe ya Stonehenge kule Uingereza wakingoja jua lichomoze, na mtangazaji husema hiyo ndiyo siku ndefu kuliko zote. Maswali yanafuata, na ni maswali ya haki. Ndefu kwa nani? Kama ndiyo siku yenye mwanga mwingi kuliko zote, mbona joto lenyewe hufika kileleni wiki kadhaa baadaye? Na hao waliokesha wanasherehekea nini hasa?

Jibu la yote matatu liko mahali pamoja. Mwaka una miendo miwili: mwendo wa mwanga na mwendo wa hali ya hewa. Wa pili huufuata wa kwanza, lakini kwa kuchelewa. Solistisi, yaani ile siku ambayo mchana hufikia kikomo cha urefu au cha ufupi wake, ni tukio la mwanga. Tunachanganyikiwa pale tunapoichukulia kama tukio la joto au baridi.

Maneno ya kuanzia nayo

Mhimili wa dunia ni mstari wa kufikirika unaopita katikati ya dunia kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini. Dunia hujizungusha kwenye mhimili huo kila siku, na ndipo tunapopata usiku na mchana. Mhimili haukusimama wima ukiulinganisha na njia ambayo dunia hupita inapolizunguka jua. Umeinama kwa nyuzi 23.4. Na mwaka mzima unabaki umeelekea upande uleule wa anga, hata dunia ikihama kutoka upande mmoja wa jua hadi mwingine.

Shika hilo la mwisho, maana ndilo linalobeba mambo yote. Mwezi wa Juni ncha ya kaskazini huwa imeliinamia jua. Miezi sita baadaye dunia iko upande wa pili wa jua, mhimili bado umeelekea kulekule, kwa hiyo sasa ni ncha ya kusini inayoliinamia jua. Dunia haipinduki wala haiyumbi kutoka huku kwenda huku. Ni mahali ilipo tu ndipo palipobadilika.

Jua la utosi ni jua lililo juu kabisa ya kichwa wakati wa adhuhuri, kiasi kwamba kijiti kilichosimama wima hakitoi kivuli. Katika mwaka, jua la utosi husafiri kati ya mistari miwili: Tropiki ya Kansa upande wa kaskazini na Tropiki ya Kaprikoni upande wa kusini, kila mmoja ukiwa nyuzi 23.4 kutoka ikweta. Namba ni ileile ya mwinamo wa mhimili, na si kwa bahati.

Solistisi ni ile nukta ya wakati ambapo jua la utosi limefika mwisho wa safari yake upande mmoja na linageuka kurudi. Hutokea mara mbili kwa mwaka, karibu na Juni 21 na karibu na Desemba 21. Ikwinoksi ni nukta ambapo jua la utosi linavuka ikweta, karibu na Machi 20 na Septemba 22 au 23. Kwa hiyo Juni 21 ni siku yenye mchana mrefu kuliko zote kwa wakazi wa kaskazini, na siku hiyohiyo ndiyo yenye mchana mfupi kuliko zote kwa wakazi wa kusini. Aliyesema "siku ndefu kuliko zote duniani" amesahau nusu ya dunia.

Umbali hauleti majira

Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, imebonyea kidogo. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai huwa kilomita milioni 152. Tofauti ni milioni 5, yaani asilimia 3 na kitu. Ile milioni 90 ya kwenye ujumbe haipo. Dunia haifiki hapo wakati wowote wa mwaka.

Sasa ziangalie tarehe. Januari, dunia ikiwa karibu kabisa na jua, Urusi na Canada ziko kwenye theluji. Wakati huohuo Australia na Argentina ziko kwenye joto kali. Kama umbali ndio ungekuwa unaamua, nusu zote mbili za dunia zingepata joto kwa pamoja na baridi kwa pamoja. Hilo peke yake linatosha kuuzika ujumbe ule.

Umbali una athari zake, ila si zile tunazoambiwa. Nguvu ya jua inayotufikia Julai ni pungufu kwa takriban asilimia 7 ukiilinganisha na ya Januari. Hata hivyo, wastani wa joto la uso wa dunia nzima huwa juu zaidi Julai, kwa sababu sehemu kubwa ya nchi kavu iko kaskazini, na nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Athari nyingine ni ya mwendo: dunia ikiwa mbali na jua huenda polepole zaidi. Ndiyo maana kutoka ikwinoksi ya Machi hadi ya Septemba kuna siku 186 hivi, na kutoka Septemba kurudi Machi kuna siku 179. Chukua kalenda uhesabu mwenyewe, utaziona hizo siku saba za ziada.

Kinacholeta majira ni pembe ambayo mwanga huitumia kuipiga ardhi. Washa tochi usiku, uimulike sakafu ukiwa umeishika wima juu yake. Utapata duara dogo lenye mwanga mkali. Kisha iinamishe ili mwanga uje kwa mshazari. Duara linavutika na kuwa refu, ukali wake unapungua. Betri ni ileile na balbu ni ileile, lakini mwanga uleule sasa umegawiwa eneo kubwa zaidi, na kila sehemu imepata kidogo.

Jua hufanya vivyo hivyo kwa dunia. Pale London, adhuhuri ya solistisi ya Juni jua hupanda hadi nyuzi 62 kutoka upeo wa macho. Adhuhuri ya solistisi ya Desemba linaishia nyuzi 15 tu, chini kabisa, likipiga mshazari kwenye mapaa. Mwanga uleule wa Desemba unatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi ya mara tatu kuliko wa Juni. Juu ya hapo kuna muda wenyewe: mchana wa Juni huchukua saa 16 na dakika 38 hivi, na wa Desemba haufiki hata saa 8. Mwanga dhaifu kwa muda mfupi ndio unaoleta baridi. Mwanga mkali kwa muda mrefu ndio unaoleta joto. Ukienda kaskazini zaidi, kupita latitudo ya nyuzi 66.6, utakuta siku ambazo jua halizami kabisa mwezi wa Juni na siku ambazo halichomozi kabisa mwezi wa Desemba.

Siku ambazo kivuli hakisogei

Watu wa kale hawakuwa na setilaiti, na bado walizijua solistisi kwa usahihi wa kushangaza. Njia yao kila mtu anaweza kuijaribu akiwa na kijiti na subira. Chomeka kijiti wima ardhini mahali pa wazi, kisha weka alama pale kivuli kinapoishia kila siku jua linapofika juu kabisa. Miezi ya Machi na Septemba alama zitaachana waziwazi, kila siku hatua yake. Kadiri solistisi inavyokaribia, alama zinasongamana. Inafika wiki ambayo huwezi kutofautisha ya leo na ya jana. Kisha kivuli kinaanza kurudi kilikotoka.

Mchana nao hufuata mtindo huo. London mwezi wa Machi mchana huongezeka kwa karibu dakika 4 kila siku, lakini siku zinazoizunguka Juni 21 mabadiliko ni ya sekunde tu. Jua halijasimama, wala dunia haijapunguza mwendo. Ni kwamba jua la utosi limefika pale linapogeukia, na penye mgeuko huo nafasi yake haibadiliki sana kutoka siku moja hadi nyingine.

Hapa palikuwa na tatizo gumu ambalo wataalamu wa kale walilihangaikia kwa karne nyingi: kama kivuli hakisogei, utajuaje siku halisi ya solistisi? Wachina walipata jibu zuri. Katika karne ya 5, Zu Chongzhi aliacha kukitafuta kivuli cha siku yenyewe. Alipima vivuli vya siku za kabla na siku za baada, akatafuta vilivyolingana kwa urefu, na solistisi ikawa katikati yao. Karne ya 13, Guo Shoujing alijengesha mnara wa kupimia kule Gaocheng, wenye njia ya mawe iliyolala chini kwa urefu wa mita 31 hivi ili kupokea kivuli. Kivuli kikiwa kirefu, hata badiliko dogo linaonekana. Kutokana na vipimo vya namna hiyo, kalenda yake ya 1281 iliuhesabu mwaka kuwa na siku 365.2425. Ulaya iliufikia urefu huohuo wa mwaka ilipoanza kutumia kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, mwaka 1582, karne tatu baadaye. Binafsi naona hapa ndipo heshima yetu kwa watu wa kale inapopaswa kuanzia: kwenye kazi yao ya kupima, mwaka baada ya mwaka.

Kuna mambo mawili yanayoaminiwa sana kuhusu siku hizi, na yote yanahitaji kurekebishwa. La kwanza, kwamba siku ya ikwinoksi usiku na mchana hulingana sawasawa kila mahali. Hukaribiana sana, lakini mchana huzidi kidogo. Hewa hupinda mwanga, kwa hiyo tunaliona jua dakika chache kabla halijapanda na dakika chache baada ya kuzama. Tena tunahesabu mchana tangu ukingo wa juu wa jua unapotokeza, si kitovu chake. Hata pale ikweta, mchana hauwi saa 12 kamili. Ni saa 12 na dakika 7 hivi, karibu mwaka mzima. La pili, kwamba siku yenye mchana mfupi ndiyo pia yenye machweo ya mapema kuliko zote. London machweo ya mapema zaidi huja karibu na Desemba 12, na macheo ya kuchelewa zaidi huja mwishoni mwa mwezi au siku ya kwanza ya Januari. Solistisi iko katikati. Hii hutokana na kwamba adhuhuri ya jua na adhuhuri ya saa za mkononi hazilingani. Kuna majira adhuhuri ya jua huitangulia ile ya saa, na majira mengine huchelewa.

Ama lile yai linalosemwa husimama wima siku ya ikwinoksi pekee, husimama siku yoyote kwa mwenye mkono mtulivu na uvumilivu wa kutosha. Mvutano wa dunia hauna tarehe maalumu.

Kwa nini joto huchelewa

Adhuhuri jua liko juu kabisa, lakini kila mtu anajua kwamba ukali wa joto la siku huja saa nane au saa tisa mchana. Ardhi na hewa zinaendelea kupokea joto jingi kuliko linalotoka, hivyo joto linaendelea kujilimbikiza hata jua likiwa limeshaanza kushuka. Mwaka nao uko hivyohivyo, ila kuchelewa kwake ni kwa wiki kadhaa. Juni 21 bahari za kaskazini bado zina ubaridi wa miezi iliyopita; zinahitaji muda kupata joto, na zikishalipata zinahitaji muda kulipoteza. Ndiyo maana Ulaya huungua Julai na Agosti, na huganda Januari na Februari, wakati mchana umeshaanza kurefuka.

Kuchelewa huko ndiko kunakoleta ubishi kuhusu lini majira "yanaanza". Kalenda nyingi za ukutani husema kiangazi cha kaskazini huanza siku ya solistisi. Wataalamu wa hali ya hewa huanza Juni 1, kwa sababu wanapanga miezi kwa joto lake na miezi mizima hurahisisha takwimu. Kalenda ya jadi ya China huanza kiangazi mwanzoni mwa Mei, na solistisi inaangukia katikati yake. Hakuna aliyekosea. Anayefuata mwanga ataiweka solistisi katikati ya majira, na anayefuata joto ataiweka mwanzoni.

Vipi kwa walio katikati ya tropiki mbili? Huku jua la utosi hupita mara mbili kwa mwaka, urefu wa mchana haubadiliki sana, na majira hutambulika zaidi kwa mvua na ukavu kuliko kwa joto na baridi. Mkanda wa mvua hulifuata jua la utosi kaskazini na kusini, nao pia ukichelewa, kwa hiyo maeneo mengi yaliyo karibu na ikweta hupata misimu miwili ya mvua. Hapo ndipo panapozaliwa ujumbe mwingine wa kuogofya, ule unaoonya kwamba ikwinoksi italeta joto la hatari na watu wasitoke nje mchana. Ukiwa kwenye ikweta, adhuhuri ya ikwinoksi jua liko utosini. Adhuhuri ya solistisi limeshuka hadi nyuzi 66.6. Nguvu yake inapungua kwa takriban asilimia 8 tu, na badiliko hilo huja kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Hakuna siku moja ambayo jua hushuka ghafla juu ya watu. Mawingu ya mchana mmoja hubadilisha joto kuliko hilo.

Wanasherehekea nini?

Tukishaelewa kwamba solistisi ni mgeuko wa mwanga, sherehe zake zinaanza kuwa na maana. Chukua mkulima wa kaskazini, miaka elfu tano iliyopita, katikati ya Desemba. Baridi kali zaidi bado haijafika, chakula kilichohifadhiwa kinapungua, na jua kila siku limekuwa likichomoza mbali zaidi kusini na kupita chini zaidi angani. Kuna siku jua linaacha kushuka. Hali ya hewa haijabadilika hata kidogo, lakini mwelekeo umebadilika, na hilo ndilo jambo la kukutanishia watu.

Kule Newgrange, Ireland, kuna kaburi kubwa la kale lililojengwa karibu mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza. Ndani yake kuna njia nyembamba ya mawe yenye urefu wa mita 19 inayoishia kwenye chumba. Juu ya mlango waliacha tundu la mraba. Siku chache tu kuizunguka solistisi ya Desemba, dakika chache kabla ya saa tatu asubuhi, jua linalochomoza hupenya kwenye tundu hilo, utepe wa mwanga hutambaa sakafuni hadi ndani kabisa ya chumba, hukaa kwa takriban dakika 17, kisha hujiondoa. Desemba 21, 1967, mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly aliketi humo gizani na kulishuhudia tukio hilo, akiwa mtu wa kwanza anayejulikana kulirekodi katika zama zetu. Siku hizi wanaoingia humo alfajiri hiyo huchaguliwa kwa bahati nasibu, na mawingu yakitanda hawaoni kitu. Mlango ungewekwa pembeni kidogo tu, mwanga usingeingia. Waliojenga walijua walichokuwa wakifanya.

Stonehenge nayo imepangwa kwa mstari huohuo mmoja: ukiufuata upande mmoja unaelekea macheo ya solistisi ya Juni, na upande wa pili machweo ya solistisi ya Desemba. Umati wa leo hufurika zaidi Juni, lakini yapo mambo yanayoonyesha kwamba wajenzi waliijali sana Desemba. Katika makazi ya Durrington Walls yaliyo jirani, wanaakiolojia walichimbua mifupa mingi ya nguruwe, na meno yake yalionyesha kwamba wengi walichinjwa wakiwa na miezi tisa hivi. Kwa wanyama wanaozaliwa majira ya kuchipua, huo ni wakati wa baridi. Palikuwa na karamu kubwa. Watu wengi pia huamini kwamba Stonehenge ilijengwa na makuhani waitwao Druid. Mawe makubwa yalisimamishwa karibu mwaka 2500 KK, na Druid wanaojulikana kwenye historia walikuja takriban miaka elfu mbili baadaye.

China walikuwa na sababu yao ya kuipa uzito solistisi ya Desemba, inayoitwa Dongzhi: ndipo nguvu ya giza hufika kikomo na ya mwanga huanza kukua. Wafalme wa Ming na Qing walitoa sadaka siku hiyo kwenye Hekalu la Mbinguni, Beijing. Watu wa kawaida hukaa na familia kula, kaskazini vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama, kusini vidonge vya unga wa mchele kwenye mchuzi wa moto. Iran wana usiku wa Yalda, usiku mrefu kuliko wote, ambapo ndugu hukesha kwa wazee wao wakila makomamanga na tikiti maji na kusoma mashairi ya Hafez, mshairi wao wa kale, hadi usiku wa manane. Yalda imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2022. Na hao hao Wairani, pamoja na mataifa mengi jirani, huanza mwaka mpya wa Nowruz kwa ikwinoksi ya Machi. Iran husubiri dakika yenyewe, hata ikiwa usiku wa manane.

Ukivuka kwenda kusini mwa ikweta, tarehe hugeuka. Cusco, Peru, sherehe ya Inti Raymi, iliyorithiwa kwa Wainka wa kale wa huko, hufanyika Juni 24, siku chache baada ya solistisi ya baridi, jua la utosi likiwa kaskazini kabisa. Utawala wa Kihispania uliipiga marufuku; ilirudishwa kama tamasha la hadharani mwaka 1944. Kwenye vituo vya utafiti vya Antaktika, ambako baadhi ya watu hawajaliona jua kwa wiki nyingi, Juni 21 ndiyo sikukuu kubwa ya mwaka: chakula cha pamoja, zawadi walizotengeneza wenyewe, na salamu zinazotumwa kutoka kituo hadi kituo bila kujali bendera. Hawa ni wanasayansi na mafundi. Wanaijua hesabu ya mhimili vizuri sana, na bado wanaona siku hiyo inastahili kuadhimishwa.

Ndiyo maana siafiki kauli kwamba kila anayeiadhimisha solistisi anaabudu jua. Wapo walioliabudu, wapo wanaofanya ibada hadi leo, na wapo wanaokula chakula cha usiku na bibi yao. Hata dini kubwa zina uhusiano wake na jua, kila moja kwa namna yake. Desemba 25 ndiyo tarehe ambayo Warumi wa kale waliihesabu kuwa solistisi katika kalenda ya Julius Caesar, na hati ya Roma ya mwaka 354 ndiyo ya mapema inayojulikana kuitaja tarehe hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa Yesu. Wanahistoria hubishana: wengine husema tarehe ilichaguliwa kwa sababu ya sikukuu ya jua la Warumi, wengine husema Wakristo wa awali waliihesabu miezi tisa kuanzia Machi 25, siku waliyoamini kuwa mimba yake ilitungwa. Anayekutangazia kwamba suala hili limekwisha, upande wowote ule, amekimbilia mbele ya ushahidi.

Uislamu umechukua njia nyingine. Saa za swala hufuata jua na vivuli, lakini kalenda ya Hijria hufuata mwezi, yenye siku 354 au 355, kwa hiyo sikukuu zake hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Mwaka 2015 na 2016 Ramadhani iliangukia Juni, na waliokuwa kaskazini mwa Ulaya walifunga mchana mrefu kupita kiasi. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na watu wa huko watapata saumu fupi. Wanaofunga karibu na ikweta hawataona tofauti kubwa.

Mbona tarehe hubadilika?

Dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na karibu saa 6. Zile saa za ziada huisogeza solistisi mbele kila mwaka, kisha mwaka wenye siku 366 huirudisha nyuma. Kwa hiyo ile ya Juni huweza kuangukia 20, 21 au mara chache 22, na ya Desemba mara nyingi ni 21 au 22. Kalenda ya Julius Caesar ilikuwa imezidisha mwaka kwa dakika 11 hivi. Dakika hizo zililimbikizana hadi siku 10, na mwaka 1582 nchi za kwanza kuirekebisha zililala Oktoba 4 zikaamka Oktoba 15. Makanisa ya Kiorthodoksi yanayofuata kalenda ya zamani sasa yako nyuma kwa siku 13, ndiyo maana Krismasi yao huangukia Januari 7. Sweden wao waliamua kurahisisha: tangu 1953 mkesha wa sikukuu yao ya katikati ya kiangazi huwa Ijumaa iliyo kati ya Juni 19 na 25, hata kama jua lenyewe limegeuka siku nyingine.

Na hata tarehe ikishajulikana, inategemea ulipo, kwa sababu solistisi ni nukta moja kwa dunia nzima na saa za ukutani hazifanani. Ya Desemba 2026 itatokea London ikiwa karibu saa tatu usiku ya tarehe 21. Beijing wakati huo itakuwa alfajiri ya tarehe 22, na hiyo ndiyo siku ambayo familia za China zitaketi kula Dongzhi.